Umepunguzwa kazi ukiwa na miaka 46? Weka kalamu chini kwanza

Ijumaa saa kumi jioni unaitwa ofisini. Mezani pana barua iliyokwisha kuchapwa, jina lako liko juu, na chini pameachwa nafasi ya saini. Afisa utumishi leo anakuita "mzee wangu", kwa upole ambao hujapata kuuona kwake. Kampuni imeyumba, anasema, lakini ukisaini barua hii ya kujiuzulu utaondoka na heshima yako, na Jumatatu hela itakuwa benki.

Usisaini. Angalau si siku hiyo.

Najua kinachokupitia kichwani. Tuseme umeendesha lori la kampuni miaka 13. Likiharibika njiani hukungoja fundi, uliingia chini mwenyewe. Moyoni umeshaamua: basi, sasa ni gereji yangu. Wazo zuri. Ila spana zinanunuliwa, na mtaji wa kwanza wa gereji hiyo umo ndani ya kazi unayoiacha. Karatasi ya Ijumaa ndiyo itakayoamua kama utaupata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), haimchukulii aliyeacha kazi sawa na aliyeachishwa. Mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji anabanwa na kifungu cha 38: atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, kisha akae na wafanyakazi au chama chao kujadili kama upunguzaji unaweza kuepukwa, nani aondoke na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo gani. Asipofanya hivyo una hoja ya kuachishwa isivyo halali. Ukijiuzulu, hoja hiyo unaifuta kwa mkono wako mwenyewe, labda uthibitishe kuwa ulisukumwa ukutani. Nimeona watu wakijaribu. Si kazi nyepesi, maana saini ni yako.

Twende kwenye hela. Mlipwaji wa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukuichukua. Kama uliajiriwa Mbeya na unaachishwa Dar es Salaam, kuna usafiri wako na wa mizigo yako kurudi mahali ulikoajiriwa, na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Hili la posho waajiri wengi hulisahau, na wafanyakazi huona haya kulikumbusha.

Kiinua mgongo ndicho kinachozua ugomvi. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Kama mshahara wako wa msingi ni shilingi 520,000 na unafanya kazi siku sita kwa wiki, gawanya kwa 26 upate 20,000 kwa siku. Zidisha kwa 7, kisha kwa 10. Jumla ni 1,400,000. Miaka mitatu iliyobaki katika zile 13 haiongezi kitu, na naona sheria hapo imembana mkongwe. Lakini hicho ni kiwango cha chini. Ukiwa na chama cha wafanyakazi, omba nakala ya mkataba wa hali bora. Mara nyingine humo ndani mna zaidi. Angalia pia kisije kikakuponyoka: ukipewa kazi nyingine kwa mwajiri huyohuyo ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukikosa chote.

Usitoke bila hati ya utumishi. Si hisani, kifungu cha 44 kinamlazimisha mwajiri kukupa. Huko uendako ndiyo itakayosema kwamba miaka 13 hukukaa kijiweni.

Ukitoka hapo nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kabla ya kuuliza fao, omba taarifa ya michango yako. Kukatwa mshahara hakuna maana kwamba makato yalifika. Ukikuta miezi yenye mapengo, peleka hati zako za mishahara ili Mfuko umdai mwajiri. Tangu mabadiliko ya mwaka 2018 lile fao la kujitoa tulilolizoea liliondolewa, likaja fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Wenye kazi za muda wana utaratibu wao, waulizie dirishani. Aliyeacha kazi kwa hiari hapati. Unaiona ile barua ya Ijumaa ilivyokuwa inakata pande mbili?

Kisha kuna namba 180. Hiyo ndiyo miezi ya michango inayotakiwa ili upate pensheni. Miaka 13 ni miezi 156, umebakiza 24. Watu wa umri wetu hukosea hapa: wanaiona hela ya NSSF kama akiba ya kununulia mashine ya kuchomelea, wanasahau kwamba aliyejiajiri anaruhusiwa kuendelea kuchangia kwa hiari. Gereji ikianza kuingiza chochote, malizia hiyo miezi.

Ujuzi wako wa makanika nao uurasimishe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, bila kumrudisha darasani kukaa na vijana wa umri wa wanawe.

Na kama unataka kuajiriwa tena? Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa umri, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kampuni binafsi inayotangaza "umri usizidi miaka 35" kwa kazi ya udereva inapaswa kuonyesha ni kitu gani katika kazi hiyo kinachomshinda mtu wa miaka 46. (Serikali yenyewe, katika matangazo yake mengi, huweka kikomo cha miaka 45. Utumishi wa umma una kanuni zake.) Ila ukipata kazi mpya, jua kwamba miezi sita ya kwanza huna ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali, hata kama una uzoefu wa miaka 20 kwingine. Notisi bado ni haki yako.

Kama mwajiri amekataa kulipa au amekiuka utaratibu, jaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako, wakili, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Madai mengine yana siku 60, lakini la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, tangu ulipoachishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu nzito, na "nilikuwa natafuta eneo la gereji" si mojawapo. Itoe barua yako ya kuachishwa sasa hivi, hesabu siku 30, andika tarehe ya mwisho mgongoni mwa bahasha.