Laptopu Ndogo, Kazi Nzito: Vidokezo vya Kuipima Kabla Hujalipa

Kagarama, hapa Kigali, imejaa watu wanaopata riziki mbele ya kioo cha kompyuta: wapiga video za harusi, wachora nembo, watengeneza katuni, maprodyuza waliogeuza chumba kimoja cha Rukatsa kuwa studio. Wengi wanatafuta kitu kilekile: laptopu inayoingia kwenye begi la mgongoni, inayopanda pikipiki hadi Rebero, na ikifika huko ihariri video ya 4K bila kukwamakwama. Zipo. Ila bei kubwa si ushahidi, na stika zilizobandikwa kando ya kibodi ndiyo kabisa.

1. Nenda dukani na kazi yako mwenyewe

Weka kwenye diski ya nje mradi mmoja wa kweli: ile gusaba (sherehe ya kuposa) ya wiki iliyopita, pamoja na rangi ulizosahihisha, maandishi na muziki wake. Mwombe muuzaji akuruhusu kuweka programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, kisha fungua mradi na uanze kutoa video. Dakika ya kwanza usiitazame. Dakika ya kwanza kila laptopu ni shujaa. Tazama ya 10, ya 20, ya 30. Kipande kilichotoka kwa dakika nne mwanzoni kikianza kuchukua sita, basi hiyo sita ndiyo kasi unayoinunua.

Muuzaji akiogopa kuweka programu kubwa, mpe Cinebench, inayoirudia kazi ileile kwa dakika 10 mfululizo. Iendeshe mara tatu bila kupumzika, ulinganishe alama ya kwanza na ya tatu. Akikataa na hilo, mshukuru uende zako. Maduka mjini ni mengi.

2. Uliza wati, usiulize jina la kadi tu

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kadi ya michoro (GPU) ya RTX 4060 ya laptopu inaweza kupangiwa na mtengenezaji wati 35, na inaweza kupangiwa 115. Jina moja, stika moja, mashine mbili tofauti kabisa. Umbo dogo halina nafasi ya kutolea joto, kwa hiyo mtengenezaji hupunguza umeme unaoingia kwenye kadi na wala haandiki kwa herufi kubwa. Tafuta neno TGP, yaani wati ambazo kadi imepangiwa, kwenye maelezo ya mtengenezaji. Lisipokuwepo, ushakuwa na sababu ya kushuku.

Tena Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kuliko ingekuwa Mombasa. Bahati nzuri jua letu nalo si la Mombasa.

3. Chomoa waya, urudie jaribio

Kompyuta za Apple zenye chipu zake zenyewe, tangu M1 ya Novemba 2020, hufanya kazi kwa betri karibu sawa na zikiwa kwenye umeme. Laptopu nyingi za Windows zenye GPU kubwa hupungua kasi ghafla ukichomoa waya. Kama kazi yako yote ni mezani nyumbani, hilo lisikusumbue. Kama unamwonyesha mteja rangi ukumbini, kwenye meza isiyo na soketi, litakusumbua sana.

MacBook Air ni habari nyingine: tangu hiyo M1 haina feni kabisa. Kwa picha na nembo ni raha tupu, kimya na nyepesi. Kwa kutoa video ya saa mbili, itapunguza mwendo ili isijichome.

4. Jua kamera yako inarekodi nini

Kidokezo hiki kimoja kinaweza kukuokolea pesa kuliko vyote. Kamera nyingi za harusi siku hizi, Sony A7 IV na Canon R6 zikiwemo, zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2. Faili hizo ni tamu kwa kusahihisha rangi, lakini si kila chipu inajua kuzifungua yenyewe. Za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zinazifungua. Za Apple, kuanzia M1. Kadi za NVIDIA zimeanza na mfululizo wa RTX 50 uliotoka mwaka 2025.

Maana yake ni nini? ASUS Zephyrus G14 ya mwaka 2024, mashine nzuri yenye Ryzen na RTX 4060 au 4070, ina chini ya kilo mbili na nguvu za kutisha kwenye michezo na kwenye Blender, programu ya katuni za 3D. Iwekee faili za 4:2:2 uone picha zinavyorukaruka unapokata. Laptopu ya Intel ya bei ya chini, isiyo na kadi kubwa yoyote, inaweza kuzicheza faili hizohizo kwa ulaini. Dawa ipo: tengeneza nakala nyepesi za video, uhariri kwa hizo, kisha programu irudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa. Lakini nakala zinakula muda na diski, na bibi harusi alishaanza kupiga simu tangu Jumatatu.

Mchora katuni wa Blender ageuze ushauri huu juu chini: yeye anunue GPU kwanza.

5. RAM, amua leo

Kwenye laptopu nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi. Hakuna fundi atakayekuongezea baadaye. GB 16 ndiyo sakafu, 32 ndiyo amani. Kwenye Mac kumbuka kuwa RAM hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na kadi ya michoro, kwa hiyo 16 huisha mapema.

6. Piga hesabu ya diski

Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa sita, kuanzia gusaba hadi kukata keki: GB 540. Diski ya GB 512 imeshajaa na hata programu hujaweka. Chukua TB 1 ukiweza, na diski ya nje ya SSD kwa ajili ya kazi zilizokwisha. Ukipata laptopu yenye tundu la memori kadi la SD, heri; MacBook Pro ililirudisha mwaka 2021 baada ya watumiaji kulalamika kwa miaka.

7. Kioo: fungua picha ya umushanana

Usiangalie ile video ya maua na vipepeo inayochezwa dukani. Fungua picha yako yenye mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kina mama wa Rwanda, ya rangi kali na ngozi nyeusi kivulini. Je, mikunjo ya kitambaa inaonekana, au rangi imekuwa bapa? Uso ulio gizani una umbo, au ni doa? Ukikuta kwenye maelezo "45% NTSC", rudisha ulipoikuta. Tafuta sRGB kamili, na P3 kama unafanya video. OLED ni nzuri mno, ila nyingi zinang'aa. Kaa mgongo ukielekea dirishani uone kama unajiona mwenyewe.

8. Vidogo vinavyoudhi

Kibodi: laptopu zinazoletwa kutoka Ubelgiji na Ufaransa huwa na AZERTY. Kama vidole vyako vimezoea QWERTY, njia za mkato zote zitakupotea. Plagi: ya pini tatu bapa kutoka Nairobi au Kampala haiingii kwenye soketi ya Kigali ya pini za duara, na adapta hafifu huungua. Uzito: pima laptopu pamoja na chaja yake, kwa kuwa chaja za kadi kubwa ni tofali, na mgongoni ukiwa kwenye pikipiki utaisikia kila kona. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tafuta begi lisiloingiza maji kabla ya kutafuta stika za kulipamba.

9. Ukinunua iliyotumika

Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri wa sasa na ule wa kiwandani. Kwenye Mac angalia idadi ya mizunguko. Apple huipa betri ya MacBook mizunguko 1,000. Kisha ifute laptopu yote mbele ya muuzaji na uiwashe upya ikiwa kwenye intaneti. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, au ikitaja kampuni ya ng'ambo, hiyo bado ina mwenyewe. Usikubali "fundi atafungua kesho."

10. Karatasi

Dai risiti ya EBM, ile ya kodi, na namba ya laptopu iandikwe juu yake. Uliza pia dhamana inashughulikiwa wapi: hapa Kigali, au laptopu inapakiwa kwenda Dubai kwa wiki kadhaa, na wewe Jumamosi una harusi.