Malundo ya Mawe ya Camster: Mwongozo kwa Wageni

Huko Caithness, kaskazini kabisa mwa bara la Scotland, barabara nyembamba itokayo Lybster hupita kwenye uwanda wa nyasi ngumu na udongo mweusi unaotota maji mwaka mzima. Kando yake kuna malundo mawili makubwa ya mawe ya kijivu. Asiyejua hudhani ni mawe yaliyotolewa shambani. Kumbe ni makaburi, na ndani yake mna vyumba. Yalijengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na watu waliolima na kufuga hapa, kabla uwanda haujamezwa na udongo huu wa mimea iliyooza nusu.

Lundo la mviringo lina upana wa mita 18 hivi. Lile refu limepita mita 60 na lina vyumba viwili. Inaelekea yalianza kama makaburi mawili mbalimbali, kisha yakafunikwa pamoja.

Yalivyojengwa

Jiwe la Caithness hupasuka kwa matabaka na kutoa mabamba bapa, na wajenzi waliijua vizuri tabia yake. Walisimamisha mabamba marefu ili kukigawa chumba. Kuta wakazipandisha kwa mawe bapa, kila mstari ukichomoza ndani kidogo kuliko ulio chini yake, hadi kuta zikakaribiana juu na mwanya uliobaki ukazibwa kwa bamba. Hawakutumia chokaa wala udongo wa kushikizia. Jiwe lililochomoza halidondoki kwa sababu mkia wake umekandamizwa na mawe ya nyuma, yaani hayohayo ya nje yanayoonekana kama yamemwagwa tu. Kwa hiyo anayepanda juu ya lundo, au anayechukua jiwe moja la ukumbusho, anagusa kile kinachoshikilia paa.

Yaliyokutwa ndani

Joseph Anderson na Robert Shearer walichimba hapa katika miaka ya 1860. Kwenye lundo la mviringo walikuta mifupa ya watu, mingine imeungua, pamoja na vigae vya vyungu na zana za jiwe gumegume. Njia ya kuingilia ilikuwa imeshindiliwa mawe: kaburi lilifungwa makusudi, halikuporomoka. Lundo refu lilichimbwa tena na kukarabatiwa katika miaka ya 1970, na ni haki mgeni ajue kwamba unadhifu wa sura yake ya nje, kwa sehemu, ni kazi ya mafundi wa juzi.

Ukienda

Eneo liko chini ya uangalizi wa Historic Environment Scotland na hakuna kiingilio. Njia ya lundo la mviringo ina urefu wa mita 6 hivi na kimo kisichofika mita moja, hivyo utatambaa. Vaa suruali usiyoionea uchungu na uchukue tochi. Ukishafika chumbani unaweza kusimama wima, na hapo ndipo kazi ya wajenzi wa kale inapoonekana: mulika ukuta kutoka chini kwenda juu, ufuate mistari inavyosogeleana.

Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mabaki ya kale inakataza kuyaharibu au kutumia kifaa cha kusakia metali hapa bila kibali. Ukitoka lundoni, funga kigeti. Mvua ikinyesha, kondoo nao hutafuta pa kujibanza.