Insha ya Chuoni Hudai Hoja
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia chuoni na mazoea ya KCSE: insha ya maneno 400, ufunguzi wa methali, tashbihi katika kila aya. Mapambo hayo si haramu, ila hayajibu swali. Tuchukue Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858. Wengi, wakitakiwa kujadili nafasi ya mwanamke humo, husimulia wasia wa mama kwa bintiye, ubeti baada ya ubeti, kisha wakatua. Huo ni muhtasari. Hoja ni kauli inayoweza kupingwa, mathalani kwamba utiifu anaoufunza mshairi ni mbinu ya mke kujipatia usemi nyumbani. Anayeishikilia sharti azichambue beti zinazoiunga mkono na zile zinazoikaidi pia. Binafsi, ningemtaka aanze na hizo zinazokaidi.