Nyota ya Mkukuni na Swali la Kijana

Mwishoni mwa Machi baadhi yetu wa darasa hili tulisafiri mpaka Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Sisi watu wa miji ya pwani tumezoea anga iliyopaushwa na taa. Mbingu ya Buyangu, usiku ambao mwezi haujachomoza na mawingu ya mvua yametoa nafasi, ni jambo jingine kabisa. Yapata saa tano za usiku tulisimama mahali palipo wazi, kibla kikiwa nyuma yetu, tukatazama kusini. Mmoja katika vijana wetu akanyosha kidole kuelekea nyota hafifu iliyo ndani ya kiwingu cheupe, akauliza: "Maalim, nyota ile ni ya nani?"

Hakuuliza ni nyota gani. Aliuliza ni ya nani. Twajua swali hilo lilikotoka. Miongoni mwetu bado wapo wanaohesabu herufi za jina la mtu na la mama yake, wakampa nyota, kisha kwa nyota hiyo wakakubali posa au wakaivunja. Tumeshuhudia posa iliyoridhiwa na wazee wa pande zote mbili ikavunjwa ati kwa kuwa nyota za wawili wale haziafikiani. Binti angali kwao mpaka leo. Kwa hiyo swali la kijana halikuwa la mchezo, nasi twalijibu kwa nyota ile ile aliyoionyesha.

Mabaharia wetu waijua Suheli, nyota kubwa ya kusini. Watu wa kale waliitia Suheli katika kundi la nyota waliloliona mfano wa jahazi, na Abdul-Rahman as-Sufi katika kitabu chake cha nyota, alichokiandika yapata mwaka 964, aliliita kundi hilo Safina. Katika karne ya 18 Mfaransa Lacaille, aliyezipima nyota za kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema, aliona jahazi hilo ni kubwa mno, akalipasua vipande: mkuku, shetri na matanga. Suheli imo mkukuni. Nyota ya kijana wetu nayo imo mkukuni, na jina lake kwa wataalamu ni Eta Carinae, yaani eta, herufi ya saba ya Kiyunani, ya mkuku.

Atakaye kuitafuta naatazame kusini mwezi wa Aprili, baina ya saa tatu na saa nne za usiku. Buyangu iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na hapo nyota hupanda kiasi cha ngumi tatu za mkono ulionyoshwa juu ya upeo wa macho. Mombasa na Unguja hupanda zaidi kidogo. Suheli itakuwa kuliani, inateremka kwenda machweo. Kushotoni utaona zile nyota za Msalaba wa Kusini. Toka Msalabani urudi kuliani kama ngumi moja na kitu, utakuta kiwingu katika ile njia nyeupe ya nyota. Nyota yetu imo humo.

Tangu zamani za Wayunani wataalamu huzipanga nyota kwa madaraja: zing'aazo sana ni daraja ya kwanza, na zile ambazo jicho huziona kwa taabu ni daraja ya sita. Mwingereza Halley, akiwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1677, aliiandika nyota hii katika daraja ya nne. Lacaille akaiona daraja ya pili. Mwaka 1827 msafiri Burchell, akiwa Brazili, akastaajabu kuikuta daraja ya kwanza. Kisha tarehe 16 Desemba 1837 John Herschel, ambaye wakati huo alikuwa akizipima nyota huko Rasini, alitazama mahali alipopazoea akaona nuru kubwa asiyoitarajia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Na mwezi wa Machi 1843 hapakuwa na nyota mbinguni iliyoishinda isipokuwa Shi'ira. Tangu mwaka 1857 hivi ikaanza kufifia, na kabla ya 1870 jicho tupu halikuiona tena.

Hapa tunamwomba msomaji atulie. Mwaka 1837 ndio mwaka Seyyid Said alioitwaa Mombasa kwa Mazrui. Mwaka 1856, mwezi wa Oktoba, Seyyid Said alifariki akiwa baharini, ndani ya jahazi, akitoka Maskati kurudi Unguja. Nyota ya Safina ikawaka mwaka wa ushindi wake, ikaanza kuzimika mara baada ya mauti yake! Lau mtabiri yeyote wa pwani angalipata hesabu hii, angaliuza hirizi kwa miaka mia. Nasi twakiri kwamba tulipoziweka tarehe hizi pamoja mara ya kwanza, tulishtuka.

Lakini nyota hii iko mbali nasi kiasi cha miaka 7,500 ya nuru. Maana yake ni kwamba nuru, ambayo kwa sekunde moja hukata kilomita 300,000, huchukua miaka 7,500 kutoka huko mpaka kwenye macho yetu. Moto ule aliouona Herschel ulikuwa umekwisha kuwaka kabla ya kujengwa piramidi za Misri, wakati ambapo hapakuwa na Mombasa, wala Maskati, wala jahazi la kushindaniwa. Pengine atasema mtu: Mungu aliipangia nuru ifike siku hiyo. Twamjibu: ilifika siku hiyo hiyo Rasini, na Brazili, na India, kwa kila mtu mwenye macho. Ni kwa haki gani tuifanye ya mmoja? Na katika mwaka wa 10 wa Hijra, alipofariki Ibrahim mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, Mtume mwenyewe, baba mwenye msiba, ndiye aliyewakataza kusema hivyo.

Sasa, kwa nini nuru yake hubadilika? Nyota hii ni jitu lililopita majitu. Uzito wake ni kama wa majua 100, na nuru yake ni kama ya majua 5,000,000. Nyota ya namna hiyo haikai salama: nuru itokayo ndani yake ina nguvu ya kuisukuma gesi yake yenyewe nje, mfano wa sufuria ambayo mvuke wake huinua kifuniko. Katika mlipuko ule wa karne ya 19 ilitupa gesi yenye uzito wa majua 10 au zaidi. Kilichouanzisha mlipuko wenyewe wataalamu wangali wanahitilafiana. Wengine wasema nyota mbili ziligongana zikawa moja. Gesi hiyo na vumbi lake vikaifunika nyota kama ukungu uifunikavyo taa, na hiyo ndiyo sababu ilififia: haikuzimika, ilifichika. Tangu miaka ya 1940 imekuwa ikirudi polepole, na wengi wasema ni vumbi lile linatawanyika. Mwaka 1996 Mbrazili Damineli alionyesha kwamba mabadiliko yake mengine hurejea kila baada ya miaka mitano u nusu hivi, kwani jitu hili lina mwenzake alizungukaye, na wakaribianapo pepo zao hupigana.

Kijana wetu alipoyasikia haya akauliza la pili, nalo lilikuwa swali la mtu aliyefahamu: je, itapasuka? Itapasuka. Huenda ikawa kesho, huenda baada ya maelfu ya miaka, na kwa umbali wake haitarajiwi kutudhuru. Mwaka 1006 nyota nyingine, ya namna isiyokuwa hii, ilipasuka katika umbali unaokaribiana na huu. Ali bin Ridhwan, tabibu wa Misri, aliiona ujanani mwake, akaandika kwamba ilikuwa kubwa kuliko Zuhura na kwamba nuru yake ilizidi robo ya nuru ya mwezi. Aliongeza maneno ya vita na njaa zilizoletwa na nyota hiyo. Maneno hayo leo hayamfai mtu. Lakini mahali pa jua, mwezi na sayari alipopaandika siku ile, wataalamu wa zama zetu wamepatumia kuijua tarehe yake na upande wa mbingu ilipotokea.

Wenye kukaa pwani wasisubiri safari ya Buyangu. Ufukweni, mbali na taa za barabara, yatosha. Katika Msalaba wa Kusini mna nyota ya tano, ndogo, iliyo pembeni. Hiyo ni ya daraja ya tatu na nusu hivi, nayo haibadiliki sana. Kila mwezi tangu Februari mpaka Juni ilinganishe na nyota ya mkukuni, uandike katika daftari ni ipi iliyong'aa zaidi, na tarehe, na saa. Kijana wetu amekwisha kuandika mstari wake wa kwanza: nyota ya mkukuni ilikuwa chini kidogo.