Fundi, Jicho Lako na Maoni ya Mteja

Mwongozo huu unamhusu fundi cherehani wa Buhongwa anayebuni mishono yake mwenyewe, ambaye kila akivisha sanamu gauni hupata maoni: ya mteja, ya dada wa mteja, hata ya bodaboda anayesubiri abiria nje.

Kabla ya kukata, usimwonyeshe mtu. Chora, pima, amua. Mchoro mchanga ukipita kwa watu watano hurudi hauna mwenyewe. Kama umbo bado linakutatiza, kata kwanza kwenye marekani, si kwenye kitenge cha watu. Na ubavuni acha akiba ya kutosha, la sivyo maoni hayatakuwa na pa kuingia.

Zamu ya mteja ni siku ya kujaribisha. Usimuulize kama amependa. Mbele ya kioo wengi husema wamependa ili wasikuudhi. Mwambie akae kwenye stuli, ainue mkono kama anayeshika bomba ndani ya daladala, apandishe mguu kizingitini. Sketi ya kubana hupendeza mtu akisimama, kisha ikamshinda kupanda pikipiki. Akisema kwapani panabana, mwamini, mwili ni wake. Akikuagiza upanue kifua ili kwapa lipate nafasi, shika tepu kwanza: huenda mkato wa mkono ndio wenye kasoro, na kifua ukikigusa utaharibu kilichokaa vizuri. Ugonjwa ataje yeye, dawa uchague wewe.

Kanga nayo inasemekana ilizaliwa kwa kumtazama mteja, si kwa kumuuliza. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa bado kwenye jora, wakakata leso sita kwa pamoja, wakazigawa vipande viwili vya tatu tatu na kuviunga kuwa vazi moja. Masimulizi hayataji ombi lolote walilompelekea mfanyabiashara. Wenye maduka waliona kinachoshonwa, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Macho yaliwatosha.

Asiyevaa wala kulipa akitoa maoni, mshukuru uendelee na kazi. Fundi mwenzako ni tofauti: mgeuzie gauni ndani nje, umuulize jambo moja tu, kwa mfano kama zipu imevuta kitambaa.

Nguo ikirudi kurekebishwa, andika kando ya vipimo mahali palipobana. Wateja watatu wakirudi na kasoro ileile, badilisha karatasi ya mkato. Mmoja akichukia maua, yaache kama yalivyo, isipokuwa kitenge ni chake.