Majina ya Mwisho Ukutani

Mjini Washington, nchini Marekani, upo ukuta wa itale nyeusi uliozinduliwa mwezi wa Novemba, 1982. Ulibuniwa na binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, Maya Lin, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Ukuta huo hauna sanamu wala mapambo. Una majina matupu, zaidi ya 58,000, ya Wamarekani waliokufa au kupotea katika vita vya Vietnam. Jiwe lake limesuguliwa hata likawa kama kioo, na mtu asomaye jina la ndugu yake huona uso wake mwenyewe nyuma ya herufi.

Majina hayo hayakupangwa kwa vyeo. Jenerali na askari wa kawaida hukaa mstari mmoja. Yamepangwa kwa siku ya msiba, kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 1975, na wale waliopatwa na msiba siku moja wamewekwa pamoja. Walioanguka katika ndege moja, basi, hukutwa karibu karibu jiweni kama walivyoketi karibu karibu angani. Tena ukuta una mbawa mbili zinazokutana pembeni, na mpango wa majina umefanywa kwa namna ambayo jina la kwanza na jina la mwisho hukutana katika pembe hiyo. Leo twataka kujifunza habari za hayo ya mwisho, kwa kuwa wengi wa wenye majina hayo walipotea katika helikopta, na kwa kuwa habari zao zina fundisho kwa kila nyumba iliyowahi kumngoja mtoto asiyerudi.

Kwanza tuseme neno juu ya chombo chenyewe. Vita vya Vietnam vilipiganwa katika misitu, milima na mashamba ya mpunga, mahali ambapo barabara zilikuwa chache na zenye kuviziwa. Kwa hiyo helikopta ilikuwa gari la askari, na pia gari la chakula, la risasi na la majeruhi. Majeruhi wengi waliokoka kwa sababu helikopta iliwafikisha kwa daktari upesi kuliko ilivyopata kuwa katika vita vya kabla. Lakini chombo hicho hicho kilikuwa dhaifu sana saa ile kinapotua. Huenda polepole, hushuka mbele ya macho ya adui, kimejaa mafuta, na bati lake ni jembamba. Yapata helikopta 12,000 za Marekani zilitumika katika vita hivyo, na zaidi ya 5,000 ziliharibika. Si zote zilizopigwa na adui. Nyingi zilianguka kwa ajali, kwa mawingu, kwa usiku, kwa chuma kilichochoka. Mama aliyepokea barua ya msiba hakuona tofauti kubwa.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, uliingia mikononi mwa Khmer Rouge tarehe 17 Aprili, 1975. Saigon ulianguka tarehe 30 Aprili. Watu wa Marekani wakashusha pumzi, wakidhani kwamba orodha ya wafu wao imefungwa. Haikufungwa. Tarehe 12 Mei askari wa Khmer Rouge waliikamata meli ya mizigo ya Kimarekani iitwayo Mayaguez, ikipita karibu na visiwa vya Kambodia na mabaharia wapatao 40 ndani yake. Rais Gerald Ford akaamua kuwaokoa kwa nguvu. Ikadhaniwa kwamba mabaharia wamefichwa katika kisiwa kidogo kiitwacho Koh Tang, tena kwamba walinzi wa kisiwa ni wachache.

Msiba wa kwanza haukutokea hata vitani. Tarehe 13 Mei, helikopta moja iliyokuwa ikikusanya askari huko Thailand ilianguka kwa kuharibika, na watu wote 23 waliokuwamo wakafa: askari walinzi 18 wa Jeshi la Anga na wahudumu 5 wa ndege. Hakuna adui aliyewapiga. Twataja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu watu hupenda kuwasimulia wale waliokufa kwa risasi na kuwapita haraka wale waliokufa kwa ajali. Nyumba 23 zililia sawasawa na nyumba nyingine.

Alfajiri ya tarehe 15 Mei helikopta nane zilikwenda Koh Tang na askari wa kikosi cha Marine. Walinzi hawakuwa wachache. Walikuwa wengi, wamejichimbia, nao walikuwa na bombomu na makombora ya kufyatulia begani. Mara helikopta tatu zikaharibiwa. Moja yao iliitwa kwa jina la simu ya upepo Knife 31, nayo ilichukua watu 26. Tangi lake la mafuta la ubavuni lilipigwa likashika moto, kombora jingine likapasua pua yake, nayo ikaanguka katika maji ya kina kifupi karibu na ufuko, ikiwaka. Watu 13 walikufa: Marine kumi, wauguzi wawili wa Jeshi la Maji, na rubani msaidizi. Wengine 13 walitoka motoni, wengi wakiwa na majeraha, wakaogelea kuelekea bahari kuu huku risasi zikipiga maji. Mmoja wao, aliyekuwa na kazi ya kuelekeza ndege za kivita, alishika simu ya upepo ndogo ya uokoaji akawa anaziita ndege na kuzionyesha shabaha, hali yeye mwenyewe yumo majini. Baadaye manowari Henry B. Wilson iliona vichwa juu ya mawimbi, ikawaokota.

Na hapa ndipo habari inapochoma. Mabaharia wa Mayaguez hawakuwapo Koh Tang. Walikuwa wamepelekwa kisiwa kingine, na asubuhi ile ile, wakati vita vikiendelea, walikuwa wamekwisha kuachiliwa, wakirudi baharini kwa mashua ya wavuvi. Waliopokewa na manowari gani? Henry B. Wilson, ile ile iliyokuwa imewaokota waogeleaji wa Knife 31. Asubuhi moja, meli moja: hapa vijana walioungua kwa ajili ya mabaharia, pale mabaharia wenyewe, wazima. Hesabu ya mwisho ilikuwa wafu 41: wale 23 wa Thailand na 18 wa kisiwani, na katika hao 18, kumi na watatu walikuwa wa helikopta moja.

Wazazi wa vijana hao waambiwe nini? Wako wanaosema kwamba ni afadhali kunyamaza. Msiba umekwisha kuwa mzito, ya nini kumwongezea mama uchungu kwa kumwambia kwamba mwanawe alishuka mahali pasipo mtu wa kuokolewa? Sisi hatukubaliani nao. Twajua kwamba shauri hilo hutoka katika huruma, nasi hatuidharau huruma. Lakini kijana hakujua yaliyokuwa yakitendeka katika kisiwa kingine. Alijua kwamba wapo watu wamekamatwa naye ametumwa kuwatoa. Ukweli juu ya makosa ya wakubwa hauondoi hata punje moja ya ushujaa wake; uongo ndio unaomwondolea, kwa maana baada ya uongo kugunduliwa (na hugunduliwa) watu huanza kuutilia shaka hata ule ushujaa uliokuwa wa kweli. Anayemsitiri marehemu kwa hadithi ya kutunga amemzika mara ya pili, na safari hii ni yeye mwenyewe aliyeshika jembe.

Tutazame mfano ulio mchungu zaidi katika habari hiyo hiyo. Usiku wa tarehe 15 Mei Marine waliondolewa kisiwani gizani, chini ya risasi, kwa haraka kubwa. Walipohesabiwa, vijana watatu waliokuwa wakishika bombomu moja hawakuonekana. Hawakurudiwa. Baadaye waliandikwa kuwa wamekufa. Miaka mingi ilipita ndipo kamanda mmoja wa zamani wa Khmer Rouge aliposimulia kwamba baada ya vita walikamatwa Wamarekani kisiwani, nao wakauawa. Fikirini hali ya jamaa waliokwisha kulia kilio kimoja, kisha miaka mingi baadaye wakatakiwa kulia kilio kingine tofauti. Kilio cha kwanza hakikuwa na maiti, cha pili kikaja na swali: je, aliita, akangoja, akasikiliza kama helikopta inarudi?

Kwetu twasema kwamba matanga huondolewa. Watu hulala msibani, huja siku ya kuondoa tanga, mkeka hukunjwa, na aliyefiwa huruhusiwa kurudi shambani na sokoni. Lakini matanga ya mtu aliyepotea huondolewaje? Mkeka hukunjwa na mkono mmoja, na mkono mwingine hubaki umeshika mlango. Vita vya Vietnam vilipokwisha, Wamarekani zaidi ya 2,500 hawakujulikana walipo. Kwa upande wa Wavietnam hesabu ni kubwa kupita hiyo mno. Waliopotea bila kaburi lenye jina huhesabiwa kwa malaki, na wao hawamo katika ukuta ule mweusi. Wala askari wa Khmer waliokufa Koh Tang hawamo, ijapokuwa nao walikuwa wana wa watu, na wengi wao vijana wa shamba. Ukuta wa taifa huandika wafu wa taifa. Hatuulaumu kwa hilo, ila msomaji ajue kwamba ukurasa huo una upande wa pili.

Kazi ya kuwatafuta waliopotea haikuachwa. Marekani ina ofisi maalum kwa kazi hiyo, nayo imefanya kazi pamoja na serikali za Vietnam, Laos na Kambodia, zilizokuwa adui. Wachimbaji huenda mahali ndege ilipoanguka, hupima uwanja kwa kamba kama wapimavyo wachimbuzi wa mambo ya kale, huchota udongo na kuuchekecha. Wanachotafuta mara nyingi ni kidogo sana: jino, kipande cha mfupa, kifungo, kibati cha jina kilichovaliwa shingoni. Jino likilingana na daftari la daktari wa meno wa jeshi, au mfupa ukilingana na damu ya jamaa, mtu amerudi. Kwa njia hiyo zaidi ya elfu moja wa wale waliokosekana wamekwisha kujulikana. Knife 31 nayo ilifikiwa. Mwaka 1995 kikundi cha Wamarekani na Wakambodia kilichimbua mahali ilipozama, yakapatikana mabaki ya watu na vitu vyao, na katika miaka iliyofuata wengi wa waliofia humo walitambuliwa. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita. Baadhi ya wazazi walikuwa wamekwisha kufa wakingoja.

Twawauliza wasomaji: kulikuwa na faida gani kutumia gharama yote hiyo kwa ajili ya jino moja? Mtu mwenye kupima kwa fedha atasema hakuna. Sisi twadhani kwamba serikali inayoweza kumwita kijana kwa jina siku ya kumpeleka vitani yapaswa kumrudisha kwa jina hilo hilo, walau kipande chake. Na alama za ukutani zafuata nia hiyo. Penye jina la mtu ambaye kifo chake kimethibitishwa pamechorwa umbo la almasi. Penye jina la aliyepotea pamechorwa msalaba mdogo. Mabaki yakirudi, almasi huchorwa juu ya ule msalaba. Pia iliwekwa alama ya tatu, duara, kwa ajili ya yule atakayerudi akiwa hai. Hiyo haijapata kutumika.

Ukuta hauwezi kufanya kila kitu. Jina haliwezi kusema kwamba kijana alipenda kuimba, au alikuwa mvivu wa kuandika barua, au alimwogopa baba yake. Hayo hukaa kwa watu, nao watu hufa. Waliookoka Knife 31 walikuwa 13 tu, nao ndio walioweza kusema nani aliketi wapi na nani alimvuta nani kutoka motoni. Nyumba iliyofiwa hivi isingoje. Iwatafute wenziwe marehemu wangali hai, iwaulize, iandike majibu na tarehe zake, hata yale yasiyopendeza. Barua zihifadhiwe mahali pakavu, na nyuma ya kila picha yaandikwe majina ya wote waliomo, si jina la marehemu peke yake. Watoto waliozaliwa baadaye watajwe kwake na yeye atajwe kwao kwa udugu wake: huyu alikuwa baba yako mdogo, huyu alikuwa mjomba wako. Sanduku la picha lililofungwa kwa kufuli kwa sababu ya uchungu, baada ya miaka hamsini huwa sanduku la picha za wageni.

Watu wanaokwenda kwenye ukuta ule huacha vitu chini yake: viatu vya askari, barua, chupa ya bia, picha ya mjukuu ambaye babu hakumwona. Watunzaji huvikusanya na kuvihifadhi. Vimekwisha kuwa mamia ya maelfu. Wengine huweka karatasi juu ya jina na kusugua kwa penseli, hata herufi zikatokea, wakachukua jina nyumbani. Kwa majina ya juu wapo wasaidizi wenye ngazi. Kwa yale ya Koh Tang ngazi haitakiwi. Jina la mwisho kabisa katika mpango ule ni la rubani msaidizi wa Knife 31, nalo limechongwa chini kabisa, karibu na ardhi. Mwenye kutaka kulisugua hupiga magoti.