Dawa Iliyo Sumu: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Katika lugha yetu neno "dawa" limebebeshwa mizigo miwili. Kidonge anachomeza mgonjwa ni dawa, na maji meupe anayonyunyiza mkulima wa Poli au Akheri juu ya mibuni yake ni dawa vilevile. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 hutumia neno "viuatilifu", lakini dukani na shambani watu wataendelea kusema dawa, nasi hatuna haja ya kugombana nao. La muhimu ni kufahamu kwamba kitu kilichotengenezwa ili kiue kunguni wa kahawa hakitofautishi sana mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mwanadamu. Somo hili laeleza jinsi sumu inavyofanya kazi mwilini, na mambo yaupasayo uongozi wa chama cha msingi pindi mwanachama anapodhurika, kabla hajafika hospitali.

Kanuni ya kwanza ni kipimo. Tabibu Paracelsus, aliyezaliwa Uswisi na kufariki mwaka 1541, alifundisha kwamba kila kitu ni sumu, na kwamba kipimo peke yake ndicho kiamuacho kama kitu kitadhuru. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru tunao ushahidi wa neno hilo vinywani mwetu. Floraidi kidogo katika maji huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi yapitayo katika miamba ya volkano ya Meru, kama vile ya Mto Maji ya Chai, huvuka ukomo huo. Hapo ndipo yatokapo meno ya kahawia na, kwa walioyanywa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Madini ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo na muda.

Floraidi hudhuru polepole. Sumu ya ghafla, ambayo ndiyo hasa tunayoizungumzia, ni ile iingiayo nyingi kwa muda mfupi. Hapa yafaa tuseme wazi kwamba kipimo kinachohesabiwa si kile kilichomo katika chupa, bali kile kilichoingia mwilini. Na milango ya kuingilia ni minne: kinywa, pua, macho na ngozi. Wakulima huogopa kinywa na pua, hujifunga kitambaa usoni, kisha hubeba bomba linalovuja mgongoni kutwa nzima. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa sumu iitwayo parathioni yalionyesha kwamba ngozi ya paji la uso huipitisha takriban mara nne zaidi ya ngozi ya mkono, na ngozi ya korodani zaidi ya mara kumi. Tutafakari, basi, juu ya suruali iliyolowa dawa kuanzia kiunoni. Jua la mchana na jasho huifanya ngozi kuipokea sumu upesi zaidi. Yafaa kunyunyiza asubuhi na mapema kwa sababu hiyo, wala si kwa ajili ya upepo peke yake.

Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya TPRI ya Ngaramtoni, ambayo kazi zake sasa zi chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pamoja na wenzao walitangaza matokeo ya utafiti wao kwa wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania. Katika kila wakulima 100, wapatao 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza kwa kawaida, na karibu theluthi moja walichanganya dawa mbili au zaidi katika bomba moja. Watu hao hawakupatwa na ajali. Walikuwa katika kazi yao ya kila juma.

Dawa nyingi za wadudu ni za jamii ya organofosfeti, mathalani profenofosi na klorpirifosi. Mshipa wa fahamu huuamuru msuli kwa kutoa kemikali fulani, kisha kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifuta amri hiyo mara moja ili msuli upumzike. Organofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho. Amri haifutiki: mate, machozi na jasho humwagika, tumbo hukata na kuharisha, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, misuli huchezacheza, mapafu hujaa maji, na pumzi hukatika. Kwa kawaida ni kukatika huko kwa pumzi ndiko kuuako. Dalili za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na jasho, zafanana na za uchovu wa jua au homa ya malaria. Kwa hiyo mtazame mgonjwa machoni, ukilinganisha mboni zake na za mtu mwingine mliyesimama naye katika mwanga huo huo. Hata hivyo, mboni za kawaida zisikufanye umrudishe nyumbani. Tena, mwili huchukua majuma kadhaa kukirudisha kimeng'enya kilichoharibiwa. Anyunyizaye kila juma huanza juma jipya akiwa na deni la juma lililopita.

Mtu akipatwa, mwondoe penye sumu. Kwanza vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi, kwa maana waokoaji nao hudhurika. Mvue nguo zote bila kuoneana haya, umwoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, nywele na kucha zikiwemo. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda huo huo. Aliyezimia au anayetapika alazwe ubavu wa kushoto. Haya yote yasicheleweshe gari.

Sasa tuje kwenye maziwa. Hakuna kijiji katika wilaya zetu ambako mtu aliyekunywa sumu hatafutiwi maziwa kwanza, na imani hiyo ni ngumu kuing'oa. Maziwa hayazimui sumu hizi. Hujaza tumbo na kuleta matapishi; na kwa kuwa dawa nyingi za maji huyeyushwa katika mafuta jamii ya petroli, matapishi yakipenya mapafuni huleta madhara mapya. Kwa sababu hiyo hiyo usimtapishe mgonjwa kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu.

Pamoja na mgonjwa iende lebo. Daktari wa Hospitali ya Mount Meru hawezi kutibu "dawa ya nyanya". Akijua ni organofosfeti atatoa atropini kwenye mshipa, kwa mtu mzima miligramu 1 hadi 3, akiongeza maradufu kila dakika 5 mpaka mapafu yakauke na moyo upige ipasavyo. Ndugu wasishtuke wakimwona mgonjwa amekaukwa kinywa. Atropini imo pia katika mnanaha, gugu liotalo ovyo kandokando ya maboma, lakini asithubutu mtu kuchemsha majani yake: kipimo chake hakijulikani, na mgonjwa atakuwa na sumu mbili. Ikiwa sumu ni parakwati, dawa ya magugu, hakuna tiba ya kuizimua, na hata oksijeni hutolewa kwa uangalifu mkubwa. Tofauti hiyo yote imo katika lebo. Mgonjwa aliyepata nafuu siku ya kwanza asitoroshwe wodini, kwani udhaifu wa shingo na wa misuli ya kupumulia waweza kumrudia kati ya siku ya kwanza na ya nne.

Ndugu katibu, hapa ndipo ghala lako linapohusika. Mwanachama mwenye fedha kidogo huomba apimiwe robo lita katika chupa ya soda, nawe wamhurumia. Chupa hiyo haina lebo, na mtoto aijua kama chupa ya soda. Afadhali chama kiagize vifungashio vidogo vya kiwandani, hata bei ikizidi. Wala utepe wa manjano usikudanganye: organofosfeti mbili tulizozitaja zi katika daraja hilo la kati, chini ya utepe mwekundu, na zote zaweza kuua zikinywewa. Kufuli nalo ni tiba. Wengi wa wagonjwa mahututi ni watu waliokunywa sumu kwa makusudi katika saa ya uchungu, na Sri Lanka, ilipozipiga marufuku dawa zenye sumu kali zaidi, vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Mtu wa aina hiyo apelekwe hospitali bila kuhojiwa wala kuaibishwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni nani anayeshika ufunguo wa ghala letu, na yuko wapi usiku? Je, leja ya pembejeo yaonyesha jina la kemikali, au jina la biashara tu? Gari la nani litaitwa, na nani atalipia mafuta?